Kupima kompresheni kabla ya kununua gari: namba za geji zina maana gani

Wakazi wengi wa kaunti hii hununua gari la mkononi, si jipya. Pesa hutoka kwenye mkopo wa sacco, mauzo ya viazi au ng'ombe, au kiinua mgongo cha aliyestaafu, na mara nyingi gari lenyewe ndilo linalotarajiwa kulipa mkopo huo kwa kubeba abiria au mazao. Injini ikifa mwezi wa pili, mkopo haufi nayo.

Muuzaji naye ana msemo wake: "Injini haijafunguliwa, boss." Anamaanisha kwamba hakuna fundi aliyewahi kuigusa kwa ndani. Msemo huo huuza magari mengi, ingawa hausemi lolote kuhusu hali ya injini. Injini isiyofunguliwa inaweza kuwa nzima, au inaweza kuwa ile iliyopaswa kufunguliwa miaka miwili iliyopita. Kuisikiliza ikinguruma hakutoshi, na kuiosha hadi ing'ae hakubadilishi kilicho ndani. Hata ukaguzi wa NTSA huangalia mambo ya usalama barabarani, kama vile breki, taa, usukani na magurudumu. Haukusudiwi kumwambia mnunuzi injini imebakiza maisha kiasi gani.

Kipimo kinachokaribia kujibu swali hilo bila kufungua injini ni cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Geji yake ni kifaa cha kawaida katika gereji za jua kali, na kazi yenyewe haichukui nusu siku. Shida iko kwenye usomaji. Namba moja inaweza kumfanya fundi aihukumu injini nzima kuwa mbovu, au kuipitisha iliyo mbovu, kwa sababu tu hakuuliza namba hiyo ilipatikana vipi na wapi. Somo hili linaanza na injini ya kawaida ya pistoni, kisha linageukia injini ya rota ya Mazda RX-8, ambayo ni rahisi zaidi kusomwa vibaya.

Kinachopimwa

Anayeijua pampu ya baiskeli anaijua kompresheni. Ukiziba tundu la pampu kwa kidole na kusukuma mpini, hewa hugoma na kidole husukumwa. Ngozi ya ndani ikiwa imechakaa, mpini huteremka wote bila upinzani. Katika injini, kazi ya ile ngozi hufanywa na ringi za pistoni, na kazi ya kidole hufanywa na valvu pamoja na gasketi ya hedi. Hewa ikivuja popote kati ya hapo, mlipuko wa petroli hupoteza nguvu, gari huwaka kwa shida asubuhi, hunywa mafuta kupita kiasi na kuishiwa pumzi mlimani.

Geji hufungwa mahali pa plagi, stata hupigwa, na sindano hupanda hadi pale ambapo silinda haiwezi kugandamiza zaidi. Geji nyingi zinazouzwa nchini zina vipimo viwili usoni: psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba, na ba au kilopaskali. Ba 1 ni kilopaskali 100, au psi 14.5. Injini nyingi za petroli zilizo nzima husoma kati ya psi 150 na 220 zikipimwa pwani. Kitabu cha injini husika ndicho kinachotoa namba yake kamili.

Geji ya petroli haitumiki kwa dizeli. Injini ya dizeli hugandamiza hewa hadi psi 350 na kuendelea, na geji ya petroli ikifungwa hapo huharibika au kumjeruhi aliyeishika. Magari ya mseto yenye betri kubwa pia yana utaratibu wake, kwa kuwa injini haizungushwi na stata ya kawaida na kuna nyaya zenye umeme mkali. Hayo yaachiwe fundi aliyeyasomea.

Matayarisho yanayobadilisha jibu

Injini ipashwe moto kwanza hadi joto la kawaida la kazi, kisha izimwe na kuachwa kidogo ili plagi zisiharibu nyuzi za hedi ya alumini wakati wa kufunguliwa. Uchafu unaozunguka plagi upulizwe kabla ya kuzifungua, maana mchanga ukidondoka ndani utakwangua silinda ambayo ndiyo kwanza inapimwa. Plagi zote zitolewe, si moja moja, ili stata izungushe injini kwa wepesi na kwa kasi ileile kwa kila silinda.

Umeme wa koili ukatwe na pampu ya petroli izimwe kwa kutoa fyuzi au rilei yake. Hatua hii haina mjadala. Petroli ikirushwa kupitia mashimo ya plagi na kukutana na cheche, gereji huwaka.

Betri iwe imejaa. Mtu wa pili akae ndani, akanyage kanyagio la mafuta hadi mwisho na kulishikilia hapo, kwa sababu njia ya hewa ikifungwa silinda haina cha kugandamiza. Katika baadhi ya magari mapya kanyagio halifungui njia hiyo moja kwa moja, hivyo fundi ahakikishe imefunguka kweli. Kisha stata ipigwe mpaka silinda igandamize mara tano au sita, na idadi hiyo iwe sawa kwa silinda zote. Fundi anayeipa silinda ya kwanza mizunguko minane na ya mwisho mitatu hajapima kitu.

Namba ziandikwe papo hapo. Kukariri ndiko kunakozaa yale majibu ya "zote ziko fiti".

Nakuru si Mombasa

Kuna jambo ambalo watu hulisahau, nalo limewagharimu baadhi yao injini nzima. Geji hupima hewa iliyogandamizwa, na hewa ya kugandamiza hupungua kadiri mtu anavyopanda kutoka baharini. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina takriban asilimia 80 ya kani iliyo nayo Mombasa. Kompresheni hushuka kwa kiasi hichohicho. Molo, kwenye karibu mita 2,500, hewa hubaki na takriban robo tatu tu.

Vitabu vya watengenezaji kwa kawaida hutoa namba za usawa wa bahari. Tuseme kitabu kinataka psi 180. Injini hiyohiyo, bila kuharibika hata kidogo, itasoma karibu psi 144 Nakuru mjini na karibu psi 133 Molo. Fundi akilinganisha 144 na 180 bila kufikiria mwinuko, atamwambia mwenye gari kwamba silinda zote nne zimechakaa na ringi zinahitaji kubadilishwa. Mwenye gari atauza ng'ombe wa pili, injini itafunguliwa, ringi mpya zitawekwa, na kipimo cha mwisho kitasoma 145.

Hesabu ya kukumbuka ni fupi. Kwa Nakuru na maeneo ya karibu nayo kwa urefu, chukua namba ya kitabu na utoe moja ya tano. Kwa Molo na sehemu za juu, toa moja ya nne. Gari lililopimwa Mombasa na kuletwa huku lisipimwe tena kwa namba za kule.

Kwa sababu hiyo pia, ulinganisho wa silinda na silinda una thamani kuliko namba yenyewe. Mwinuko, betri dhaifu na geji isiyo sahihi hugusa silinda zote kwa usawa. Ugonjwa kwa kawaida huchagua.

Kusoma namba

Chukua injini ya silinda nne iliyopimwa Nakuru ikatoa 148, 145, 150 na 146. Tofauti kati ya ya juu na ya chini ni psi 5, sawa na asilimia 3 hivi. Hiyo ni injini nzuri hata kama kitabu kinasema 180. Mafundi wengi huridhika tofauti ikiwa chini ya asilimia 10, huanza kuuliza maswali ikifika 15, na husimamisha biashara silinda ya chini kabisa ikiwa haifiki robo tatu ya ile ya juu. Kitabu cha injini kikitoa kiwango chake, hicho ndicho kifuatwe.

Sasa chukua nyingine: 148, 145, 150 na 92. Silinda ya nne inavuja. Inavuja wapi? Hapo fundi humimina kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kupitia shimo la plagi, huzungusha injini kidogo ili isambae, kisha hupima tena. Oili huziba kwa muda nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda. Kipimo kikipanda hadi 130 au zaidi, ringi au ukuta wa silinda ndio uliochakaa. Kikibaki 92 au kupanda hadi 95 tu, oili haikusaidia kwa sababu uvujaji uko juu: valvu imeungua au haikai vizuri, au gasketi imetoboka. Tofauti ya gharama kati ya majibu hayo mawili inaweza kuwa kubwa, kwani valvu hurekebishwa kwa kutoa hedi peke yake, lakini ringi hutaka injini ishushwe.

Sindano yenyewe hutoa fununu kabla hata ya oili kumiminwa. Ringi zikiwa zimechoka, pigo la kwanza huwa dogo kisha sindano hupanda hatua kwa hatua. Valvu ikiwa inavuja, sindano huanza chini na kubaki chini. Ndiyo sababu mnunuzi asimame pembeni aangalie kipimo kikifanyika badala ya kuletewa namba ya mwisho kwenye kikaratasi.

Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, kwa mfano 147, 85, 88 na 149, mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya hedi iliyotoboka katikati yao. Mnunuzi afungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi atafute mafuta yanayoelea, na avute kijiti cha oili aone kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Zote nne zikiwa chini kwa usawa, hata baada ya kutoa moja ya tano, fundi asikimbilie ringi. Aanze na vitu vya bei ndogo: betri, stata, kanyagio kama lilikanyagwa kweli. Baadaye aangalie mkanda au cheni ya taimingi, kwa sababu ikiruka jino moja au mawili valvu hufunga kwa wakati usiofaa na kompresheni yote hushuka. Zikiwa juu kupita kitabu, huenda ndani kumejaa masizi, au kuna aliyemimina oili kabla ya mnunuzi kufika.

Pikipiki ya boda boda ina silinda moja, hivyo haina jirani wa kulinganishwa naye. Hapo mtu hurudi kwenye kitabu, hutoa sehemu ya mwinuko, kisha hutumia jaribio la oili. Kabla ya kukubali kuchongewa silinda upya, mwenye pikipiki aulize swali moja: tapeti zimepimwa? Tapeti zikikazwa kupita kiasi valvu haifungi kabisa, na kompresheni huanguka kama vile ringi zimeisha. Kuzirekebisha ni kazi ya muda mfupi, na haihitaji kipuri chochote.

Injini ya rota

Mazda RX-8 ilitengenezwa Japani kuanzia 2003 hadi 2012. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo RX-8 zilizoko sokoni sasa ni zile zilizokwisha kuingia zamani, zikipita mkono hadi mkono. Ni gari zuri kwa macho, lina milango minne na kasi ya kuvutia, na bei yake humshawishi kijana mwenye gari la kwanza. Bei hiyo ina sababu.

Ndani ya injini yake hakuna pistoni wala valvu. Kuna rota mbili zenye umbo la pembetatu iliyovimba pande, kila moja ikizunguka ndani ya chemba yenye umbo linalokaribia namba nane. Wazo hilo lilikuzwa na Mjerumani Felix Wankel akiwa na kampuni ya NSU, na Mazda ndiyo iliyolishikilia kwa muda mrefu kuliko wote, kuanzia Cosmo Sport ya 1967. Mwaka 1991 gari la Mazda lenye rota nne lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans. Injini ya RX-8 ina ujazo wa sentimita 1,308 tu za ujazo, ila huzunguka kwa kasi kubwa kuliko injini za kawaida.

Kila rota ina nyuso tatu, na kila uso hufanya kazi ya silinda yake. Kwa hiyo injini ya rota mbili ina nyuso sita za kupimwa, si mbili. Kinachozuia hewa isivuje kutoka uso mmoja hadi mwingine ni sili nyembamba zilizochomekwa kwenye ncha tatu za rota. Kuna nyingine za pembeni, na vipande vidogo kwenye kona vinavyoziunganisha. Sili hizo ndizo ringi za injini hii, na zikichakaa hakuna njia ya kuzibadilisha bila kuifungua injini yote.

Geji ya kawaida hukosea hapa. Ndani ya mrija wake kuna valvu ndogo inayoshikilia kipimo cha juu kabisa kilichowahi kufikiwa. Kwa pistoni hilo ni jambo jema. Kwa rota, nyuso tatu hupita mbele ya shimo lilelile la plagi moja baada ya nyingine, na geji hushika ule ulio bora na kuficha miwili iliyokufa. Muuzaji anaweza kuonyesha kipimo kizuri kabisa cha injini isiyofaa, na huenda yeye mwenyewe hajui kwamba anadanganya.

Kifaa sahihi ni cha kielektroniki kilichotengenezwa kwa ajili ya rota, ambacho huandika namba tatu kwa kila rota pamoja na kasi ya mzunguko. Mahali ambapo hakipatikani, geji ya kawaida inaweza kutumika kwa kuondoa ile valvu ndogo, au kwa kubonyeza kitufe cha kuachia hewa na kukishikilia, ili sindano iruke na kurudi kwa kila uso. Rota ina plagi mbili. Geji hufungwa kwenye shimo moja, na plagi ya pili hubaki mahali pake, vinginevyo hewa yote itatokea hapo. Miruko huja kwa haraka, takriban minne kwa sekunde, hivyo jicho haliwezi kuifuata. Simu irekodi video kisha ichezwe polepole. Njia hii haitoi namba za kuaminika sana, lakini huonyesha mpangilio: miruko mitatu iliyolingana, au mmoja mfupi, au miwili.

Mpangilio huo ndio wenye habari. Kila sili ya ncha hutumikiwa na nyuso mbili zinazopakana, kama ukuta mmoja kati ya vyumba viwili. Ikivunjika au kuchakaa, nyuso mbili huanguka pamoja na wa tatu hubaki mzima. Uso mmoja ukianguka peke yake, lawama huelekea kwenye sili ya pembeni au ya kona inayohudumia uso huo. Zote tatu zikishuka kwa usawa, huenda ni uchakavu wa jumla, ingawa pia inawezekana injini imefurika petroli na kuoshwa oili inayosaidia sili kuziba. RX-8 hufurika kwa urahisi, hasa ikiwashwa ikiwa baridi, ikasogezwa hatua chache na kuzimwa palepale. Iliyofurika isipimwe siku hiyo.

Kiwango cha Mazda kwa injini ya RX-8 ni kilopaskali 830, sawa na psi 120, injini ikizunguka mara 250 kwa dakika. Kikomo cha chini ni kilopaskali 680, sawa na psi 98.6. Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi kilopaskali 150, na kati ya rota mbili isizidi 100.

Hesabu ya Nakuru inafanya kazi hapa kama kwa pistoni. Toa moja ya tano, na psi 120 ya injini mpya inakuwa 96, huku kikomo cha 98.6 kikiwa karibu 79. RX-8 inayosoma 90 kwenye nyuso zote sita Nakuru iko katika hali nzuri sana. Mtu akiisoma kwa karatasi ya kiwanda bila kurekebisha, ataona iko chini ya kikomo na kumshauri mwenyewe aitupe. Kinyume chake pia hutokea: gari lililosoma 85 likiwa Mombasa lina injini iliyokwisha, hata kama namba hiyo ingependeza huku.

Kasi ya stata nayo ihesabiwe. Ikizungusha haraka kuliko 250, namba hupanda. Ikizungusha polepole, hushuka. Kipimo cha rota kisichotaja kasi kina thamani ndogo, na stata iliyochoka inaweza kuifanya injini nzima ionekane mgonjwa.

Mfano mmoja wa Nakuru, kwa kasi ya 250: rota ya mbele 88, 90, 87, rota ya nyuma 89, 61, 63. Mbele ni salama. Nyuma, nyuso mbili jirani ziko chini ya 79, na uso mmoja uko sawa na wenzake wa mbele. Sili ya ncha moja imekufa. Geji ya kawaida ingeandika 90 na 89, na mnunuzi angelipa kwa furaha.

Dalili inayoendana na kipimo ni gari kukataa kuwaka likiwa moto. RX-8 yenye sili dhaifu inaweza kuwaka vizuri asubuhi, ikatembea hadi kituo cha petroli, ikazimwa, kisha ikagoma kabisa kwa dakika ishirini. Mnunuzi anayemkuta muuzaji na injini baridi aombe mzunguko mrefu barabarani, kisha azime gari na kuliwasha tena papo hapo, mara mbili au tatu. Kuhusu oili, RX-8 hunywa oili kwa makusudi: pampu ndogo huipeleka kidogo kidogo kulainisha sili. Kupungua kwake si ugonjwa. Mwenye gari ambaye hajawahi kuongeza oili kati ya huduma moja na nyingine ndiye wa kutiliwa shaka.

Siku ya kupima

Mnunuzi achague fundi mwenyewe, asikubali aliyeletwa na muuzaji au dalali. Fundi aliyefaulu mtihani wa ufundi wa NITA, au anayefundisha magari katika kituo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu, ni mahali pazuri pa kuanzia. Wakubaliane malipo ya kupima kabla, yawe ni hayohayo jibu likiwa zuri au baya, ili fundi asiwe na sababu ya kutafuta ugonjwa au kuuficha. Muuzaji anayekataa kabisa kipimo cha kompresheni ametoa jibu lake.

Mnunuzi afike bila kutarajiwa saa moja kabla ya muda, au aombe gari liletwe gereji ya fundi wake. Mafuta mabichi kwenye nyuzi za plagi na moshi wa buluu unaotoka kwa muda mfupi tu baada ya kuwasha ni alama kwamba huenda kuna mtu amemimina oili ndani ili kupandisha namba. Injini iendeshwe nusu saa kabla ya kupimwa, nayo oili hiyo itakuwa imeungua.

Karatasi iandikwe tarehe, mahali, kilomita za gari, aina ya geji, injini ilikuwa moto au baridi, na namba za kila silinda au kila uso wa rota, kavu na baada ya oili. Silinda moja ikiwa dhaifu si lazima biashara ivunjike. Namba zilizoandikwa zinaweza kumshusha muuzaji bei kwa kiasi cha matengenezo, na mwaka ujao kipimo cha pili kikiwekwa kando ya cha kwanza kitaonyesha kama injini imesimama pale au inaendelea kushuka.

Baada ya jaribio la oili, plagi zirudishwe kwa mkono kwanza ndipo zikazwe kwa spana, fyuzi ya pampu irudishwe, na injini iwashwe nje ya gereji. Itatoa moshi wa buluu kwa dakika chache. Hiyo ni ile oili ya kijiko ikiungua.